Kuhama kutoka spliti kwenda chumba baridi: maelekezo kwa fundi wa Dodoma

Fundi mwenzangu, kama unaishi kwa kufunga na kuosha spliti hapa Dodoma, hali unaijua. Tangu Serikali ianze kuhamia mwaka 2016, na hasa ofisi za Mtumba zilipofunguliwa, kazi ya viyoyozi ilimwagika. Ilazo, Kisasa, Iyumbu, Area D, kila nyumba inayopanda inaachiwa tundu la bomba ukutani. Mafundi nao wamekuja kutoka Dar, Mwanza na Morogoro, na vijana wetu wanamaliza VETA kila mwaka. Leo mteja akipiga simu tatu anapata bei tatu, anachukua ya chini. Wakati huohuo mwenye bucha wa Majengo, mwenye zabibu wa Hombolo na mfanyabiashara wa samaki wa Mtera wanahangaika kumpata fundi wa chumba baridi, koldirumu kama wengi wanavyoiita, na mara nyingi wanamsubiri atoke Dar huku mzigo unaharibika.

Mimi nilitoka hukohuko kwenye spliti. Sasa sehemu kubwa ya kazi yangu ni vyumba vya nyama, zabibu na vinywaji, kuanzia mjini hadi Kongwa na Manyoni. Vijana wananiuliza waanzie wapi, na karibu wote wanauliza mashine: kompresa gani, gesi gani, geji gani. Nitazigusa zote. Lakini kama mwezi huu una nafasi ya kujifunza kitu kimoja tu, jifunze mzigo unaowekwa ndani. Mteja wa spliti analala mlemle chumbani, akisikia joto anakupigia. Nyama haikupigii. Ikianza kunuka, kazi yako imeshashindikana muda mrefu.

Mzigo kwanza

Fundi wa spliti anapima chumba kwa macho. Chumba cha kulala anasema BTU 12,000, sebule 18,000 au 24,000, na mara nyingi inatosha. Kwenye chumba baridi mazoea hayo yatakuaibisha, kwa sababu ukubwa wa chumba ni sehemu ndogo ya hesabu. Kabla hujafungua boksi la vifaa, muulize mteja: unaweka nini, kilo ngapi kwa siku, kinaingia kikiwa na joto gani, kinatakiwa kifike joto gani, ndani ya saa ngapi, na mlango unafunguliwa mara ngapi. Akishindwa kujibu, kaa naye siku nzima uhesabu mwenyewe. Siku hiyo si hasara.

Chukua tani moja ya zabibu iliyofika mchana ikiwa na nyuzi 30. Inatakiwa ishuke hadi karibu sifuri. Kila kilo ya zabibu inatoa kilojuli 3.6 hivi kwa kila nyuzi inayoshuka. Kilo 1,000 mara nyuzi 30 mara 3.6 ni kilojuli 108,000. Ukiwa na saa 24 za kuzipoza, unahitaji kilowati 1.25 za ubaridi kwa ajili ya zabibu peke yake. Mteja akitaka zipoe ndani ya saa 6, unahitaji kilowati 5. Mzigo uleule, chumba kilekile, mashine imekuwa kubwa mara nne. Hapo bado hujaongeza joto linalopenya kwenye kuta, hewa inayoingia mlango ukifunguliwa, feni za ndani, taa, watu wanaopanga makreti, na zabibu zenyewe, maana tunda linaendelea kupumua na kutoa joto hata baada ya kuchumwa.

Vyumba vingi vya huku kwetu vinakwama hapo. Kimejengwa chumba cha kutunzia, mteja anakitumia kupozea. Mwenye bucha anaambiwa chumba chake kinakaa nyuzi 2, ni kweli kinakaa, lakini yeye anaingiza mbuzi waliochinjwa alfajiri, mzoga una joto la nyuzi 38, wengi kwa mpigo, wamebanana hadi hewa haipiti katikati. Chumba kinapanda nyuzi 12 na hakirudi hadi usiku. Anaita fundi, fundi anaongeza gesi. Gesi ilikuwa inatosha. Kilichotakiwa ni kumwambia aingize kwa mafungu na aache nafasi kati ya mzoga na mzoga, au aongeze mashine. Ukitaka kugandisha nyama ndiyo usiseme, kwa sababu kuganda kwenyewe kunakula joto jingi kuliko kule kushuka kutoka nyuzi 38 hadi sifuri. Mteja akikwambia “nataka chumba kimoja kipoze na kigandishe”, mweleze mapema kuwa hizo ni kazi mbili na mashine mbili.

Unyevu

Kwenye spliti tunapenda evaporeta, ile koili ya ndani inayopoza hewa, ikamue maji. Mteja anaona maji yanatiririka nje, anafurahi, na ofisini watu wanasikia wepesi. Kwa zabibu tabia hiyo ni uharibifu. Zabibu zinataka joto la kati ya nyuzi 1 chini ya sifuri na sifuri, na unyevu wa asilimia 90 hadi 95. Hewa ya Dodoma wakati wa mavuno ya Agosti na Septemba ni kavu tayari, na mashine ikiongeza kukausha, kishada kinapungua uzito kila siku kikiwa kwenye kreti.

Kuna chumba nilichoitwa upande wa Hombolo. Mwenyewe alikuwa na uhakika mashine ni nzima, na kweli themometa ilisoma sifuri. Niliinua kishada kimoja. Kikonyo kilikuwa kahawia na kikavu hadi ukikikunja kinakatika, na punje kadhaa zikabaki chini ya kreti. Punje zenyewe bado zilikuwa nzuri machoni. Nikapima joto la gesi ndani ya evaporeta: nyuzi 13 chini ya sifuri. Aliyefunga alichagua evaporeta ndogo ili kupunguza bei, kompresa ikawa kubwa kwake, koili ikawa baridi mno na ikawa inavuta maji yote ya hewani na kuyagandisha kwenye mapezi. Kila barafu ikiyeyushwa, yale maji yaliyotoka kwenye zabibu yanapita kwenye bomba kwenda nje.

Tofauti kati ya joto la chumba na joto la gesi ndani ya koili ndiyo inayoamua. Kwa matunda na mboga ibakize nyuzi 4 hadi 6. Kwa nyama inaweza kufika 7 au 8. Kwa soda na bia za chupa, 10 haina shida, chupa haikauki. Ili tofauti iwe ndogo unahitaji evaporeta kubwa, na evaporeta kubwa ni ghali, kwa hiyo mteja atakubishia. Usimkubalie. Mwonyeshe kikonyo.

Mashine: kinachobadilika

Mzunguko wa gesi ni uleule unaoujua. Kompresa inayosukuma gesi, kondensa inayotoa joto nje, kipunguza presha, evaporeta. Ila vimeongezeka vitu katikati, na kila kimoja kina sababu.

Kwanza soma herufi kwenye kibao cha kompresa. HBP ni ya viyoyozi, MBP ni ya vyumba vya karibu na sifuri, LBP ni ya kugandisha. Usichukue kompresa ya spliti ukaisukuma kwenye friza kwa sababu mteja anayo stoo. Kwenye spliti gesi inachemka kwenye nyuzi 5 hivi juu ya sifuri. Kwenye chumba cha kugandisha inachemka kwenye nyuzi 25 hadi 30 chini ya sifuri, inarudi ikiwa nyepesi, kompresa inavuta kidogo kwa kila mzunguko na inapata moto sana upande wa kutolea. Uwezo uliosomeka kwenye katalogi kwa nyuzi 5 hauupati hata nusu.

Pili, badala ya kapilari, lile bomba jembamba la spliti, utakutana na valvu ya kupunguza presha yenye kitunguu, ile balbu inayofungwa kwenye bomba la kurudi. Jifunze kupima supahiti, yaani joto ambalo gesi imeongeza baada ya kuchemka yote: presha ya kurudi unaigeuza kuwa joto kwa jedwali la gesi husika, kisha unapima joto la bomba lenyewe karibu na balbu, unatoa. Nyuzi 5 hadi 8 ni pazuri. Usiguse skrubu ya valvu kabla ya kupima, na ukiigusa, zungusha robo, subiri dakika 15 au 20, pima tena. Fundi akikwambia anaweka valvu kwa kuangalia barafu kwenye bomba, mheshimu kwa umri wake, ila usijifunze hilo kwake.

Tatu ni ile namna ya kuzima. Kwenye chumba baridi themostati mara nyingi haizimi kompresa. Inafunga valvu ya solenoidi, inayofungwa na kufunguliwa kwa umeme, kwenye bomba la gesi ya maji (gesi ikiwa kimiminika), kompresa inaendelea kuvuta hadi upande wa chini, yaani wa presha ndogo, ubaki mtupu, ndipo swichi ya presha ndogo inaizima. Inafanywa hivyo ili gesi ya maji isilale kwenye evaporeta na kuja kuigonga kompresa inapowaka. Fundi wa spliti akikuta kompresa imezimwa na swichi ya presha, wazo linalomjia ni kuipiga dairekti, yaani kuunganisha nyaya bila kupitia swichi. Nakuomba, kwa jina la mzigo wa mtu, usipige dairekti swichi ya presha. Tafuta kwa nini imekata: gesi imevuja, koili imeziba kwa barafu, filta draya (kichujio kinachokausha gesi) imeziba, feni ya ndani imekufa, au solenoidi haifunguki.

Nne, mafuta. Bomba la kurudi lilaze kuelekea kompresa, na pale linapopanda juu weka kikunjo cha kukusanyia mafuta chini yake. Kwenye spliti ya mita nne hujawahi kuwazia hilo, mafuta yanarudi yenyewe. Kwenye baridi kali mafuta yanakuwa mazito na hayarudi hivihivi, yanabaki kwenye evaporeta, na kompresa inakufa kwa kiu.

Tano, kuyeyusha barafu. Chumba cha nyuzi 3 au 4 kinaweza kuyeyusha kwa feni tu kompresa ikiwa imezimwa. Ukishuka karibu na sifuri na chini yake unahitaji hita, taima, na kihisi cha kukatisha hita koili ikifika nyuzi 10 hivi. Feni zichelewe kuwaka hadi koili igande tena, la sivyo zinapuliza mvuke na matone ndani ya chumba. Bomba la kutolea maji ndani ya friza nalo liwe na hita. Watu wengi hapa wanaweka taima moja mwaka mzima. Dodoma haitaki hivyo. Desemba hadi Aprili hewa ina unyevu na barafu inajaa haraka. Julai hewa ni kavu, na ukiacha ratiba ileile unapasha friza joto bure mara kadhaa kwa siku. Mimi ninabadilisha ratiba mvua zinapoanza na zinapokatika, na ninaandika tarehe kwenye mlango wa paneli ya umeme.

Kuhusu kuta nitasema kidogo. Paneli za povu la poliurethani, milimita 100 kwa chumba cha kupoza, 150 kwa kugandisha, na friza lazima iwe na sakafu yenye povu pia. Kila tundu unalotoboa liziwe kwa povu na silikoni, hasa upande wa nje wenye joto, maana unyevu unaingia kutokea huko na kugeuka barafu ndani ya paneli. Saruji tuliyozoea kuzibia tundu la spliti haifai hapa.

Mwinuko wa Dodoma na usiku wa Julai

Mambo haya mawili hutayakuta kwenye kijitabu cha kiwanda, ndiyo maana nayapa nafasi.

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa yetu ni karibu bar 0.88, Dar ni 1.01. Geji ya mshale ukivuta vakyumu hapa, yaani kutoa hewa na unyevu ndani ya mabomba, pampu ikiwa nzima kabisa, itashuka hadi karibu inchi 26 na kusimama. Haitafika 30 hata uiache hadi asubuhi. Nimeona fundi mgeni akitupa lawama kwa pampu mpya. Na nimeona kinyume chake, ambacho ni kibaya zaidi: fundi anaona mshale umesimama, anasema imetosha, wakati ndani bado kuna maji. Kwenye friza maji hayo yanaganda kwenye tundu la valvu na chumba kinasimama. Nunua geji ya mikroni, inayopima vakyumu kwa usahihi. Shuka hadi mikroni 500, funga pampu, subiri. Ikipanda kidogo ikatulia juu, kuna unyevu, endelea kuvuta. Ikipanda bila kusimama, una tobo.

Namba za joto zilizochapwa kwenye uso wa geji zimepigiwa hesabu ya usawa wa bahari. Kwa gesi ya R410A yenye presha kubwa hutaona tofauti. Kwa friji ya R600a inayofanya kazi chini ya presha ya hewa, geji itakudanganya nyuzi nne au tano. Na hewa nyepesi inabeba joto kidogo kutoka kwenye kondensa, kwa hiyo ukikuta saizi mbili zinakaribiana, chukua kondensa kubwa. Vumbi letu la Septemba na upepo wake litakushukuru.

Sasa usiku wa Julai. Joto linashuka hadi nyuzi 13 au 14, na spliti zote mjini zimezimwa, kwa hiyo sisi tuliotoka kwenye spliti hatujawahi kuona mashine ikifanya kazi kwenye baridi hiyo. Chumba cha nyama hakilali. Bucha moja ya mjini ilikuwa na ugonjwa wa ajabu: kila mwaka katikati ya kipupwe, chumba kinapanda joto alfajiri na kupona chenyewe saa nne asubuhi. Kila mwaka fundi aliyekuwa akiitwa aliongeza gesi, na kila Oktoba mashine ikakata kwa presha kubwa, gesi ikapunguzwa. Mwenye bucha alishaamua kubadilisha kompresa.

Nilifika kabla ya adhana ya alfajiri nikiwa na koti. Feni ya kondensa ilikuwa inazunguka kwa nguvu zote kwenye hewa baridi, presha ya juu iko chini mno, na kwenye evaporeta barafu imeshika mistari ya kwanza tu, mingine mikavu. Upande wa chini unashuka, swichi inakata, inawaka, inakata. Nikachukua boksi la katoni nikafunika nusu ya kondensa. Presha ya juu ikaanza kupanda, valvu ikapata msukumo wa kupitisha gesi, na barafu ikaendelea kutembea kwenye koili mstari baada ya mstari, mwenye bucha akiangalia na tochi yake. Gesi haikupungua. Valvu ilikosa presha ya kuisukuma. Tulifunga swichi ya presha inayozima na kuwasha feni ya kondensa, kifaa kidogo cha bei ya kawaida, na kompresa yake ipo hadi leo. Ukiitwa Julai, nenda alfajiri. Ukienda saa tano mchana utakuta mashine nzima na utaanza kubuni ugonjwa.

Umeme

Vyumba vya maana vinatumia fezi tatu. Kompresa za skroli zikipata fezi zilizobadilishana zinazunguka kinyume: kelele kubwa, presha hazitofautiani, na ukiiacha inakufa. Hilo linatokea hata bila wewe kugusa kitu, baada ya matengenezo kwenye transfoma ya mtaani. Fezi moja ikikatika, mota inaungua. Funga rilei ya kulinda fezi kwenye kila paneli, na kichelewesho ili mashine isiwake palepale umeme unaporudi. Mteja akisema ni gharama, mwombe alinganishe na bei ya kompresa. Kama umezoea spliti za fezi moja, kaa kwanza na fundi umeme wa viwanda hadi uweze kusoma mchoro wa paneli bila kubahatisha: kontakta, ovaloadi, taima, na mnyororo wa swichi za usalama.

Usalama, bila mzaha

Tunapima uvujaji kwa naitrojeni yenye regyuleta. Kamwe usitumie oksijeni. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka, na mitungi hiyo inakaa pamoja kwenye karakana nyingi. Unapochomelea bomba, pitisha naitrojeni taratibu ndani yake, vinginevyo masizi meusi yataziba valvu.

Mlango wa chumba lazima ufunguke kutoka ndani hata ukifungwa kwa kufuli nje. Jaribu mwenyewe kabla ya kukabidhi, na umwonyeshe kila mfanyakazi wa pale. Ndani ya friza usiingie peke yako bila mtu wa nje kujua. Gesi nyingi tunazotumia ni nzito kuliko hewa, zikivuja kwenye chumba kilichofungwa zinasukuma hewa unayovuta. R290 na R600a zinawaka moto, na R32 pia inawaka ingawa kwa shida zaidi, kwa hiyo fungua mlango na uhakikishe hewa imebadilika kabla ya kuwasha tochi ya gesi.

Usiachie gesi hewani. Kilo moja ya R404A inapasha dunia sawa na kilo zaidi ya 3,900 za kabonidioksaidi. Kwa Itifaki ya Montreal ya 1987, R22 inaondolewa kwenye nchi zetu kufikia 2030, na marekebisho ya Kigali ya 2016 yanazipunguza gesi kama R404A, R134a na R410A. Ukijifunza leo, jifunze na R290, maana friza nyingi mpya za madukani zinakuja nayo.

Kujifunza bila kuacha kula

Usiache spliti. Msimu wa joto, Septemba hadi Novemba, ndio unaokulisha. Chumba baridi kijifunze miezi ile ambayo spliti zimelala, Mei hadi Agosti, ambayo kwa bahati nzuri ndiyo miezi ya ugonjwa wa kipupwe niliousimulia.

Tafuta fundi mkubwa wa vyumba baridi umwombe uwe saidia fundi. Ndiyo, wewe mwenye kadi yako na pikipiki yako. Mimi nilimfuata mzee mmoja wa Kizota, nikamsalimia shikamoo, nikamweleza kuwa spliti najua na koldirumu sijui, na kwamba nitabeba boksi. Alinipa kazi ya kusafisha kondensa na kuandika presha kila nusu saa. Ule uandikaji ndio ulionifundisha, kwa sababu ukiwa na daftari lenye presha, joto la chumba, joto la nje na saa, unaanza kuona mashine inavyopumua kabla haijaumwa. Mlipe mzee wako kwa uaminifu: usichukue namba za wateja wake, na wateja wakikupigia, mwambie yeye kwanza.

Nyumbani tengeneza mashine ya mazoezi. Nunua kompresa ndogo na kondensa yake iliyotumika, valvu, solenoidi, swichi mbili za presha na taima, ufunge kwenye ubao. Jizoeze kuzima kwa solenoidi. Ziba koili kwa nguo uone presha zinavyokwenda. Zima feni. Punguza gesi kidogo kwenye mtungi wa kurejeshea, uone dalili zake. Makosa ambayo kwa mteja yangekugharimu mzigo, huko ubaoni ni somo.

Upande wa vyeti: kama ulijifunza mtaani, VETA ina utaratibu wa kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa na kukupa cheti baada ya kukupima, na ina kozi za friji na viyoyozi. Kwa kazi za umeme tafuta leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kazi za taasisi za umma zinapita kwenye mfumo wa manunuzi ya umma wa NeST, kwa hiyo utahitaji biashara iliyosajiliwa, TIN, na kwa miradi ya ujenzi usajili wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Hayo unaweza kuyafuatilia taratibu. Wenye bucha na zabibu hawatakuuliza.

Vipuri vingi bado ni vya Kariakoo. Treni ya SGR iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 inakuwezesha kwenda asubuhi na kurudi siku hiyohiyo, lakini mzigo wa mtu hausubiri treni. Weka akiba nyumbani ya kontakta, kapasita, koili ya solenoidi, swichi za presha, mota ya feni na filta draya.

Kazi ya kwanza na makubaliano

Anza na chumba cha vinywaji au maziwa chenye nyuzi 4. Kisha nyama ya kupoza. Zabibu baadaye. Friza mwisho, ukiwa tayari umeshayeyusha barafu za watu wengine chini ya usimamizi. Ukiitwa kwenye kazi iliyokuzidi, nenda na mzee wako na mgawane.

Bei usiiweke kama ya spliti. Kwenye spliti unalipwa ukishafunga, ukaondoka. Hapa mteja anakununua pamoja na usingizi wako, na fedha ya kudumu iko kwenye matengenezo ya kila mwezi: kuosha kondensa, kupima supahiti, kukagua hita, mipira ya mlango na boliti za umeme zilizolegea. Kubalianeni kwa maandishi, hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari wenye sahihi mbili. Andika chumba kimepangiwa kilo ngapi kwa siku na zikiingia na joto gani. Andika nani anasoma themometa asubuhi na jioni na kuijaza kwenye karatasi ya mlangoni. Andika kwamba chumba kikipanda nyuzi 3 juu ya kiwango kwa zaidi ya saa moja bila mzigo mpya kuingia, anakupigia hapohapo, hata saa nane usiku, na hafungui mlango hadi ufike. Andika malipo ya kuitwa usiku. Na andika namba ya fundi wa pili, atakayepokea simu wewe ukiwa Manyoni.